Mtumbwi Unaorudi Mtupu

Chanceline, binti wa marehemu Éphraïm fundi mitumbwi, hajawahi kuomba radhi kwa jambo alilolifanya kwa kusudi. Kwa jambo la bahati mbaya ataomba, tena ataomba mpaka uchoke. Akikukanyaga sokoni Rumonge, katikati ya madumu ya mawese, atakupa pole nyingi hata utaona aibu wewe uliyekanyagwa. Lakini akishaamua kitu ameamua, na ukitaka kumwondoa hapo kalete kamba na ng'ombe.

Watu walianza kumjua hivyo baba yake alipofariki. Éphraïm alivuka ziwa kutoka Baraka, upande wa Kongo, wakati wa vita, akiwa na shoka, randa na watoto wake, na alipokufa Rumonge aliacha mtumbwi mmoja haujakwisha. Kaka zake Chanceline wakataka mbao ziuzwe. Chanceline wakati huo alikuwa akianika ndagala, dagaa wa ziwani, mchangani pamoja na wanawake wengine, na hakuna aliyemwuliza maoni. Akayatoa bila kuulizwa: mtumbwi hauuzwi. Wakamwuliza ataufanyia nini, ataupika? Akachukua shoka la baba yake akaumalizia mwenyewe, akikosea na kurudia, mpaka ukawa mtumbwi. Ulitoka na tumbo lililolalia upande wa kushoto, na ukiupiga kasia unataka kwenda kushoto tu, lakini hauvuji. Siku ulipoingia majini watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Aliporudi na masangala mawili, samaki wakubwa wa bei, kicheko kilipungua, kisha kikaisha.

Mwalo wao, ufuko wa kuegeshea mitumbwi, uko kusini mwa mji, kwenye njia ya Kigwena, mahali ambapo michikichi imeshuka karibu kugusa maji. Ni mwalo mdogo wenye sheria zake, na sheria kubwa kuliko zote inaitwa mboga ya mkono. Mtumbwi ukirudi kutoka ziwani, yeyote aliyeweka mkono akasaidia kuuvuta mpaka juu ya mchanga anapewa samaki kidogo wa kulia bugali. Hakuna anayeandika. Umevuta, umekula. Na ukirudi mtupu kwa sababu ziwa limekunyima, au kwa sababu samaki amekuponyoka, watu watakuvuta vilevile na kukupa pole juu yake, maana kuponyokwa ni ugonjwa wa kila mvuvi na kesho utamshika mwingine. Miaka mingi Chanceline alivuta na kuvutwa, alitoa na kupokea, na hakuna aliyekumbuka kwamba ni mwanamke ila siku za ugomvi.

Kisha akaja Dokta Emery na nzi wake.

Emery ni daktari wa meno wa Bujumbura, mtu mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi kuliko wagonjwa. Aliwahi kuishi miaka kadhaa pwani ya Kenya, na huko akaambukizwa uvuvi wa ajabu: unasimama kwenye maji ya chumvi yanayofika magotini, unamtafuta samaki mmoja kwa macho, mjanja kuliko wote, unamnyatia, unamtupia ndoano nyepesi isiyo na chambo. Aliporudi nyumbani akasikia kwamba ziwani kuna kuhe, samaki mkubwa wa manjano mwenye madoa meusi, anayemwona mvuvi kabla mvuvi hajamwona, na usingizi ukamtoka. Akampigia simu Elda, mwenye nyumba ya wageni, amtafutie mtu wa kumwonyesha. Elda akampigia Chanceline.

"Iko dokta moja anataka kuhe," Elda alisema. "Lakini yeye anavua na mouche."

Chanceline alisoma shule kidogo, lakini mouche alimjua. Mouche ni nzi. Akaona ni wazimu, ila wazimu wa mgeni ni kazi kama kazi nyingine. Asubuhi ya siku ile akaenda kwenye vichanja vya ndagala na chupa ya soda, akaweka matumbo ya samaki ndani, akachuchumaa akisubiri. Nzi wa Rumonge hawabembelezwi. Emery aliposhuka kutoka kwenye gari lake alikabidhiwa chupa inayovuma.

"Dokta, amahoro. Hizi iko za leo, iko mbichi kabisa."

Emery aliitazama chupa. Akamtazama Chanceline. Akakaa chini mchangani, na suruali yake nzuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Alipopata pumzi akafungua kisanduku, akamwonyesha ndoano zilizofungwa manyoya ya jogoo na nywele za mbuzi, zinazong'aa kama visamaki vidogo.

"Mouche ni hii, mama."

"Hii si nzi, Dokta," Chanceline akasema kwa hasira. "Hii ni kuku."

Kufika mchana mwalo mzima ulikuwa unamwita Mama Nzi. Mwingine angehama. Yeye aliitikia. Kijana akipaza sauti "Mama Nzi!" anajibu, "Sema, nikutulie puani?" Baada ya muda aliyekuwa anaona aibu ni mwitaji.

Kazi yenyewe aliipenda haraka kuliko alivyotegemea. Alisimama nyuma na kasia, Emery mbele na ufito wake mrefu wa kuvulia, wakitambaa taratibu juu ya mawe na mchanga mahali ambapo maji ni maangavu. Kuhe hutembea wawili wawili, mume na mke, na hapendi kivuli. Kivuli cha kasia kikimpita, huyo amekwenda. Emery alijua kutupa ndoano ikaanguka bila kelele, hilo Chanceline alilikubali wazi. Lakini alikuwa hajui kunyamaza. "Dokta, funga mudomo," alimwambia siku moja, "kuhe nayo iko na masikio." Siku hiyohiyo ndoano ilirudi nyuma ikamnyakua Chanceline kitambaa cha kichwani na kukitupa ziwani, na Emery akaomba radhi kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa.

Jambo moja tu lilimkwama kooni. Emery alikuwa akimshika samaki anamtoa ndoano, anamwangalia, anamrudisha majini. Mara ya kwanza alikuwa sangala wa kutosha familia, na Chanceline alihisi ameibiwa. Aligomba njia nzima. Emery akasema huko baharini ndivyo walivyofanya, unakuja kushindana na samaki, ukishinda unamwachia ili naye apate siku yake. Chanceline akamwambia hayo ni mashindano ya watu walioshiba. Emery hakubisha. Wakaendelea hivyo, miezi ikapita, akaja yeye, wakaja na marafiki zake, na Chanceline akazoea bila kukubali.

Mwalo haukuzoea. Siku za kwanza waliuvuta mtumbwi wake, wakaona mtupu, wakasema pole. Kisha Hamissi, mvuvi jirani yake, akapita karibu nao ziwani akaona kwa macho yake samaki mzima anarudishwa majini na mkono wa mtu. Habari ilifika ufukoni kabla ya Hamissi mwenyewe. Wakati ule ziwa lilikuwa limebana. Mitumbwi ilikesha na kurudi na ndagala za kufunika tu sakafu, na vichanja vilikuwa na nafasi ya kulala mtu.

Tadeo, prezida wa komite ya mwalo, alikuja mwenyewe. Tadeo si mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya kuwa mgumu kushindana naye. Wakati nyumba ya Chanceline ilipoezuliwa na upepo, yeye ndiye aliyepanda juu na misumari.

"Chanceline, mama," akasema, "watoto wanakula bugali na chumvi. Weye uko unashika samaki ya ziwa letu, unaichezea, unairudisha. Na jioni unataka watu wakuvute. Mboga yao iko wapi?"

Chanceline alikasirika, maana alijua ni kweli. Kesho yake akanunua beseni la ndagala sokoni, na jioni mtumbwi wake ulipovutwa akaanza kugawa. Tadeo akamzuia mkono.

"Hiyo ni sadaka. Mboga ya mukono inatoka mu mutumbwi. Sisi si ombaomba wako."

Komite ikakaa. Uamuzi ukawa mwepesi kusema: kabla ya soko la Jumamosi, mtumbwi wa Chanceline ulete samaki wake, umewatoa ziwani siku hiyohiyo na mgeni wake akiwemo, au upoteze mahali pake mchangani. Mahali pale palikuwa pembeni ya vichanja vya Jovita, rafiki yake wa tangu siku za kuanika ndagala. Asiye na mahali hana mwalo, na mtu aliyefukuzwa mwalo mmoja hapokelewi na mwingine, hata aende mpaka Kabonga mpakani. Mtumbwi wa baba yake ungegeuka kuni.

Alikaa na jambo hilo bila kumwambia Emery. Ijumaa Emery alipokuja, Jovita akamwambia yeye, kwa sababu Jovita hana kifua cha kutunza siri. Emery alisikiliza hadithi yote akiwa amenyamaza, na hiyo peke yake ilikuwa ajabu.

Wakaenda. Waliteremka na ufuko kupita mbele ya msitu wa Kigwena, maji yametulia, jua liko upande mzuri. Chanceline aliwaona kabla ya Emery: kuhe wawili wakubwa, wamesimama juu ya mchanga kati ya mawe. Akamwelekeza Emery kwa sauti ya chini, mkono wa kushoto, mbele ya jiwe jeupe, bado, bado, sasa. Manyoya ya jogoo yalianguka, yakazama, na yule mkubwa akageuka kwa hasira akayameza.

Ufito ulipinda ukawa nusu duara. Kuhe alikimbilia mawe, akarudishwa, akakimbilia kina, akarudishwa, na mtumbwi ukazunguka ukivuta kushoto kama kawaida yake huku Chanceline akiusawazisha kwa kasia na kumtukana samaki kwa Kibembe, lugha ya kwao Baraka. Hamissi alikuwa anapita mbali kidogo akielekea nyumbani, akainua mkono. Aliona ufito, aliona maji yanavyoruka, na Chanceline alijua kwamba mwalo utajua.

Mwishowe samaki alikuja ubavuni, amechoka, wa manjano, urefu wa mkono wa mtu mzima. Emery hakumshika.

"Mchukue, mama," akasema. "Leo si wangu. Ni wako. Mpeleke."

Chanceline aliingiza mikono miwili majini akamkamata. Alikuwa mzito kweli. Angetosha mikono yote ya mwalo, hata kwa kipande kidogo kidogo, na Tadeo angekula na kusema asante, murakoze. Aliinua kichwa kupumua, na hapo akaona kile ambacho mapema hakukiona kwa sababu ya haraka. Yule wa pili hakukimbia. Alikuwa amebaki palepale kati ya mawe, akizunguka juu ya wingu la watoto wadogo kama punje za mtama, na samaki wengine wa mawe walikuwa wameanza kuingia upande ule aliokuwa akilinda huyu aliyeko mikononi mwake. Wanaingia, wanakula, wanatoka. Yule mmoja akifukuza huku, wanaingia kule.

Ningependa kusema kwamba alimwachia kwa huruma tu. Huruma ilikuwepo, sikatai. Lakini kilichomjaa zaidi ni hasira. Alijiona akipanda mchangani na samaki huyu kichwani, watu wakishangilia, na Tadeo akitikisa kichwa kwa kuridhika. Na akaona wazi kwamba, akimpeleka, aliyemvua atakuwa Tadeo. Yeye Chanceline atakuwa mtumwa aliyetumwa ziwani. Na kesho angetumwa tena.

"Ulisema ni wangu," akamwambia Emery.

"Ni wako."

"Basi."

Akafungua mikono. Kuhe alikaa kidogo, kana kwamba haamini, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mawe, na wale wezi wakatawanyika. Emery alivua kofia akajifuta uso.

Mwalo mzima ulikuwa umesimama kwenye maji. Hamissi alikuwa amefika na kusimulia, na kila alivyosimulia kuhe alikuwa ameongezeka shibri moja. Wanaume waliingia mpaka mapajani kupokea mtumbwi, wanawake wa vichanja nyuma yao na masufuria, na Jovita mbele ya wote, anacheka. Mikono ikajaa pande zote. Chanceline alikuwa hajavutwa na mikono mingi hivyo tangu siku ya kwanza. Kisha wakachungulia ndani.

Kulikuwa na kasia, kopo la kukombea maji, na viatu vya Emery.

Tadeo alikuwa kwenye maji na suruali imekunjwa, mkono wake uko kwenye kichwa cha mtumbwi kama wengine. Na hapa nitamtetea Tadeo, maana alifanya kitu ambacho maprezida wengi hawafanyi: akamfungulia mlango.

"Imewaponyoka," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Eh, pole, mama. Kuhe iko hivyo. Hata mimi iliniponyoka mbele ya bibi-arusi wangu."

Watu wakacheka, wakapumua. Pole, mama. Pole, Dokta. Mikono ikakaza, mtu akaanza kuimba wimbo wa kuvuta, na mtumbwi ukasogea kuelekea mchangani. Ilibaki neno moja tu. Si hata neno: kuinamisha kichwa kidogo, kunung'unika "ego", yaani ndiyo, na mahali pake pangebaki pake, na soko la Jumamosi lingepita kama masoko mengine. Samaki aliyekuponyoka ni samaki wa kila mtu.

"Chance, sema ego," Jovita akanong'ona ubavuni mwake. "Sema tu. Mungu iko na kazi ingine."

Chanceline aliruka kutoka mtumbwini akasimama majini.

"Haikuniponyoka," akasema. "Nilimuachia."

Wimbo ulikatika.

"Nilimuachia mimi. Si Dokta. Mikono ni hii. Ilikuwa kubwa, ilikuwa yangu, na mimi ndio nilifungua."

"Kwa nini?" Tadeo akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumizwa kweli.

"Iko na watoto. Lakini hata kama haingekuwa na watoto, Prezida, ningemuachia. Wakati nilikuwa ninavua ya kuuza, nilitoa mboga kila siku, hakuna mutu aliniuliza mutumbwi ni ya nani. Leo munanituma samaki kama vile munatuma mutoto dukani. Sitatumwa."

"Watu iko na njaa, mama."

"Najua njaa yenu. Iko kwangu pia. Siku ninavua kwa mushipi wangu, njooni muvute, mutakula kama zamani. Siku ya Dokta, musivute. Sitasema pole ya uongo ili munivute."

Mikono ilianza kutoka. Hakuna aliyetukana, ingekuwa rahisi zaidi kama wangetukana. Hamissi alitoa wake akiangalia pembeni. Wa Jovita ulibaki mwisho, kisha nao ukatoka, maana Jovita ana watoto na vichanja vyake viko kwenye mwalo wa Tadeo. Emery ndiye aliyeshika ubavu wa mtumbwi kwa nguvu na kuinama avute.

"Dokta, toa mukono," Chanceline akamwambia. "Leo sina mboga ya kukupa."

Akavuta peke yake. Mtumbwi wa mbao ni mzito, na mchanga wa pale una mteremko. Hakuuvuta moja kwa moja, angeshindwa. Aliuzungusha, kichwa kidogo, kisha nyuma kidogo, bega chini ya ubao, miguu inazama. Kila ulipoinama kushoto aliurudisha kwa goti. Mwanzoni vijana wengine walicheka chinichini. Kisha wakaacha. Alianguka, akainuka na mchanga mdomoni, akautema, akaendelea. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo na hakuna aliyekwenda nyumbani, walisimama wote wakitazama mwanamke mmoja akipandisha mtumbwi hatua kwa hatua mpaka kwenye mahali pake kando ya vichanja.

Alipoufikisha aliufunga kamba kwenye kigingi, akakaa juu ya ukingo wake, akihema.

Tadeo alipanda mchanga mpaka mbele yake. Alikuwa na majonzi, lakini ni prezida, na watu walikuwa wanamsikiliza.

"Komite ilisema, na weye ulisikia," akasema. "Kesho asubuhi nisikute mutumbwi hii hapa."

"Hautaikuta, Prezida," Chanceline akajibu. "Asubuhi itakuwa iko ziwani, inafanya kazi."